Pepo, Mwezi na Kengele: Tarehe ya Kupanga Mwaka wa Masomo Unguja

Walimu wa madarasa ya juu ya skuli za msingi, wanapokaa kabla ya muhula wa kwanza kupanga kazi ya mwaka mzima, na wakaambiwa kwamba hesabu isikae mbali na jiografia, wala sayansi isifundishwe kana kwamba haina nasaba na dini, wala lugha isibaki imefungiwa ndani ya kitabu chake peke yake, aghalabu huipokea fikra hiyo kama jambo geni lililoletwa na semina za siku hizi. Ilhali mwenye kuitazama kwa utulivu tarehe ya elimu katika kisiwa cha Unguja ataona kwamba kuyashikanisha masomo kulitangulia kuyatenga, na kwamba lililotufikia kwa meli ni ratiba iliyokatwa vipande kwa kengele, si umoja wa maarifa. Nayaandika haya kwa sababu naamini kwamba mwalimu anayeijua tarehe hiyo atapanga mwaka wake kwa moyo mkunjufu zaidi, na kwa hadhari zaidi, kuliko yule anayedhani kwamba anaanza upya.

Kabla haijakuwapo Idara ya Elimu, kisiwa kilikuwa na kalenda mbili zilizokwenda pamoja, na kila moja ilikuwa na wanafunzi wake. Ya kwanza ni ya jua, nayo ni ile inayoanza kwa Nairuzi, yenye siku 365, zihesabiwazo kwa miongo, yaani kumi kumi, miongo 36 na siku 5 za kumalizia. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua mwongo wa kupanda na mwongo wa kuvuna, na nahodha alijua lini kaskazi inaisha nguvu na lini kusi inaingia. Watu wa Makunduchi wangali wakiuadhimisha mwaka huo kila Julai kwa Mwaka Kogwa, na wageni huja kutazama mapigano ya migomba na kibanda kinachochomwa moto, lakini ni wachache wanaouliza juu ya hesabu iliyo chini ya sherehe. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya ziada kama ilivyo Februari ya mwaka mrefu, hurudi nyuma siku moja katika kila miaka 4 ukilinganishwa na kalenda ya serikali, na mtoto aliyeeleweshwa jambo hilo amekwisha kufundishwa falaki, kugawanya na tarehe katika darsa moja.

Kalenda ya pili ni ya mwezi, ambayo kwayo Waislamu hufunga, husherehekea Idi na huhiji, nayo ina siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote, ikawa mara katika joto la kiangazi, mara katika mvua za masika, mara katika baridi ya kipupwe, mpaka inaporudi mahali pake baada ya kama miaka 33. Watu wa pwani, hususan wavuvi wa Nungwi, Jambiani na Kizimkazi, waliitumia kalenda hiyohiyo kwa kazi nyingine: mwezi unapoandama na unapotimia maji hujaa sana na kupwa sana, nayo ndiyo bamvua, na baina yake, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Mwanamke wa Paje aendaye kutafuta pweza penye miamba hana haja ya kutazama jedwali lolote. Akijua ni mwezi ngapi, amejua saa ya kushuka pwani. Basi dini, bahari na hesabu zilikutana katika swali moja ambalo kila mtoto alilisikia nyumbani: leo mwezi ngapi?

Na liko jambo la kibla, ambalo sijui darsa jingine lililo jepesi na zito kama hilo. Makka na Unguja ziko karibu sana katika longitudo moja, Makka ikiwa upande wa mashariki kidogo tu, kiasi kwamba anayesali Unguja huelekea karibu kaskazini kabisa. Kwa hivyo kila mihrabu ya kila msikiti wa Mji Mkongwe ni dira iliyojengwa kwa mawe na chokaa. Mwalimu anaweza kumchukua mwanafunzi wa darasa la sita mpaka Malindi, akamsimamisha mbele ya msikiti, akamwuliza pepo za kusi zampiga upande gani wa uso au wa kisogo, majahazi ya Oman yaliyokuwa yakija na kaskazi yalikuwa na Nyota ya Kaskazini mbele au nyuma, na kwa nini nyota hiyo haionekani hapa, kisiwa kikiwa nyuzi 6 kusini ya mstari wa ikweta, ilhali mabaharia walipokaribia nyumbani kwao iliinuka juu ya upeo. Ramani, maumbo, historia ya biashara na adabu za sala zote zimo, wala hapana hata moja iliyolazimishwa kuingia.

Sisemi kwamba vyuo vya zamani vyote vilifundisha hivi. Vingi vilifundisha kuhifadhi tu, na kiboko kikiwa karibu, na mtoto aliweza kuhitimu juzuu zote asijue maana ya aya aliyoisoma. Lakini juu ya vyuo hivyo palikuwa na darsa za wakubwa, ambazo sifa yake ilifika Hadhramaut na Komoro: za Sheikh Abdalla Bakathir huko Ukutani, na za Sayyid Ahmed bin Sumait, aliyekuwa nahodha kabla hajawa kadhi, mtu ambaye elimu yake ya nyota ilitoka katika vitabu na vilevile katika usukani. Kwa wanazuoni wa namna hiyo fikihi ya mirathi ilikuwa ni hesabu za sehemu, na nyakati za sala zilikuwa ni elimu ya jua na kivuli, na nahau ya Kiarabu ilikuwa ndiyo ufunguo wa yote mawili. Wote wawili walifariki mwaka 1925.

Mnamo mwaka 1907 serikali ilianzisha Idara ya Elimu chini ya S. Rivers-Smith, ambaye baadaye alihamia Tanganyika akawa mkurugenzi wa elimu wa kwanza huko, na skuli ya kwanza ya serikali mjini ikafuata mwaka 1908. Kabla yake wamisionari wa UMCA walikuwa na skuli zao, Kiungani kwa wavulana na Mbweni kwa wasichana, na Wahindi walikuwa na zao. Nazitaja kwa kupita, kwani habari zake zataka makala yake. La kuzingatia hapa ni lile lililompata mtoto aliyetoka chuoni akaingia skuli ya serikali. Alikuja akiwa anasoma herufi za Kiarabu, na pengine anaandika Kiswahili kwa herufi hizo, akakuta kwamba herufi za huko ni za Kirumi na kwamba yote aliyokwisha kuyajua hayakuwa na mahali katika ratiba. Asubuhi akasoma hesabu ya kugawanya shilingi ambazo babaye hazishiki, kengele ikalia, akasoma mito ya nchi za mbali, kengele ikalia tena, na alasiri akarudi chuoni kwa mwalimu ambaye hakuulizwa lolote na mkuu wa skuli. Wazazi wengi waliona hatari ya mgawanyo huo kabla ya wakubwa wa idara kuiona, wakawazuia watoto wao, na kwa miaka mingi madarasa yakabaki na nafasi.

Mwaka 1924 ilipita Afrika Mashariki tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikiongozwa na Dkt. Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dkt. James Aggrey wa Gold Coast, nayo ikafika Unguja pia. Ripoti yake, iliyotoka mwaka 1925, ilisema kwamba elimu ya mtoto wa Kiafrika izunguke juu ya afya, kilimo, nyumba na burudani, na kwamba kila somo litumikie hayo. Kwa maneno ya leo tungesema tume ilidai masomo yashikane. Na mtu akisoma maneno yake peke yake ataona kuna busara ndani yake: mtoto wa shamba ajifunze kuhesabu kwa minazi, aandike barua kuhusu safura na namna ya kujikinga nayo, achore ramani ya kijiji chake kabla ya kuchora Uingereza.

Fikra hiyo ndiyo iliyozaa, katika miaka ya 1930, skuli ya kati ya shamba iliyowekwa Dole, katikati ya mashamba ya udongo mzuri ya magharibi ya kisiwa, ambako kilimo na kazi za mikono ziliwekwa kuwa mhimili wa mafunzo. Hapa naomba msomaji asiharakie kuhukumu, kwani ndipo penye kiini cha maneno yangu. Walimu wa Dole hawakuwa wavivu, na mpango wao katika karatasi ulikuwa bora kuliko ule wa mjini. Kilichoupinga ni kwamba wazazi waliutazama wakaona nia iliyo nyuma yake. Waliona kwamba mtoto wa Mji Mkongwe anafundishwa Kiingereza na hesabu za ofisini ili awe karani, na mtoto wa shamba anafundishwa jembe, ambalo babaye angemfundisha bure. Kuunganisha masomo hapo kulikuwa kuta zinazomzuia mtoto, na hakuna mzazi mwenye akili atakayezishangilia, hata zikipakwa chokaa namna gani. Kwa hukumu yangu hapa pana sharti mbili ambazo mpango wowote wa masomo yaliyoshikana hauwezi kuzikwepa: kiungo chenyewe kiwe ni kitu ambacho mzazi anakiheshimu, na kimpandishe mtoto hadi kwenye elimu ya juu badala ya kumtenga nayo.

Idara ilijifunza sharti ya kwanza kwa njia ya Qur'ani. Kuelekea mwaka 1940 na katika miaka iliyofuata, walimu wa Qur'ani waliingizwa katika skuli za msingi za serikali, wakawa sehemu ya ratiba, na wazazi waliokuwa wakikaa mbali wakawaleta watoto wao kwa wingi. Hakukuongezwa shilingi katika mshahara wa karani wala hakukupunguzwa jembe. Kilichobadilika ni kwamba mtoto hakuwa tena akikatwa nusu kwa saa. Na baadaye Muslim Academy ilipofunguliwa, ikaongozwa na Sayyid Umar Abdallah, aliyesoma Makerere na pia mikononi mwa masheikh wa mji, Unguja ikawa na mfano hai wa mtu ambaye ndani yake elimu hizo mbili hazikugombana.

Ama sharti ya pili, nafikiri mahali ilipotimizwa vizuri zaidi hapakuwa skuli hata kidogo. Ni Beit el Amani, jumba la makumbusho la Mnazi Mmoja, lililochorwa na J. H. Sinclair kwa makuba na madirisha ya jali na kufunguliwa mwaka uleule wa 1925, likiwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Vikuu vya kwanza. Mlezi wake wa kwanza, Dkt. Alfred Spurrier, alikuwa tabibu aliyekaa Unguja miaka mingi, na kwa kuwa alikuwa tabibu hakuliona jumba hilo kama ghala ya vitu vya kale; aliweka mambo ya afya karibu na mambo ya tarehe, na viumbe vya kisiwa karibu na kazi za mikono ya watu wake. Chini ya kuba moja mtoto aliweza kuiona ngoma na siwa ya Mwinyi Mkuu, na sanduku la dawa la Livingstone, na samaki wa bahari yetu, na maelezo ya mbu na homa ya malaria. Hapakuwa na kengele baina ya kimoja na kingine. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 mlezi aliyefuata, Bibi Ailsa Nicol Smith, aliendelea kulifanya jumba mahali pa kusomea watoto na wakubwa pia.

Fikiri juu ya sanduku lile la dawa. Mwalimu akianza nalo anaweza kuuliza: kwini ilitoka katika gome la mti gani, na mti huo ulitoka bara gani, na ulifikaje kwenye sanduku la mtu aliyeishi Unguja mwaka 1866 akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho ya bara? Nyumba aliyokaa ingali ipo njia ya Bububu. Soko la watumwa alilolipinga lilifungwa mwaka 1873, muda mfupi baada ya kifo chake, na kanisa la Mkunazini likajengwa mahali pake. Kutoka chupa moja ya dawa mwanafunzi amepita katika elimu ya mimea, afya, jiografia na mambo mazito kabisa ya tarehe ya kisiwa, na hakuna aliyemwambia kwamba haya si ya mtoto wa shamba.

Mwaka 1927 kulitokea mambo mawili ambayo yanastahili kukumbukwa pamoja. Skuli ya wasichana ya serikali ilifunguliwa mjini, na walimu wakaanza kupata jarida lao wenyewe la Kiswahili, Mazungumzo ya Walimu wa Unguja, ambamo waliandikiana juu ya ufundishaji na juu ya mila na habari za nchi yao. Miaka hiyohiyo vilikuwa vikitoka vitabu vya L. W. Hollingsworth, miongoni mwake Milango ya Historia, vilivyotumika mbali zaidi ya Unguja, na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa ukichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Vitabu vilisaidia, na sivibezi. Lakini kitabu hakijui kwamba leo ni bamvua wala kwamba mikarafuu imeiva. Mwalimu mwenye jarida mkononi, aliyesoma namna mwenzake wa kijiji kingine alivyofanya, alijua. Kutoka katika kizazi hicho cha walimu alitoka Sheikh Abdalla Saleh Farsy, ambaye kabla ya kuwa kadhi mkuu alikuwa mwalimu wa skuli, na ambaye aliandika tarehe na tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili kimoja.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba ya mwaka huo, na jambo hilo peke yake liliubadilisha uso wa madarasa kuliko mipango yote iliyotangulia. Kisha mwaka 1967 likaja tamko la Mwalimu Nyerere la Elimu ya Kujitegemea, skuli zikalima mabustani, na katika misimu mikubwa wanafunzi wakapelekwa kuchuma karafuu. Nia ilikuwa njema, nami nawaheshimu waliotoka jasho. Walakini pale ambapo karafuu zilichumwa na somo la karafuu halikufundishwa, kosa la Dole lilirudi kwa njia nyingine.

Kwani somo la karafuu ni muhula mzima. Mkarafuu si mti wa hapa. Ulitoka visiwa vya Maluku, ukafika kwetu kupitia Bourbon na Mauritius mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said aliamrisha wenye mashamba wapande mikarafuu 3 kwa kila mnazi mmoja. Mchumaji alilipwa kwa pishi ya karafuu mbichi, na karafuu kavu iliuzwa kwa frasila ya ratili 35, basi swali la pishi ngapi mbichi zinazotoa frasila moja kavu, na mchumaji alipata fungu gani la bei ya mjini, ni hesabu yenye jasho la watu ndani yake, na hapo zamani mengi ya majasho hayo yalikuwa ya watumwa. Aprili 1872 tufani iliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi ilhali Pemba ikapona kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya kwanza; hapo mwalimu wa jiografia ana darsa la pepo, na wa sayansi ana darsa la mti unaochukua miaka kadhaa kuzaa, na wa lugha anaweza kuwatuma wanafunzi wawahoji wazee juu ya kuanika karafuu juani kwenye majamvi na kuyatenga makonyo. Mtoto wa upande wa mashariki, ambako ardhi ni mawe na mkarafuu hauoti, afundishwe kwa nini hauoti. Naye ataelewa kwa nini watu wake waligeukia bahari.

Bahari nayo ina skuli yake siku hizi. Kisiwa cha Chumbe, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904, kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na wanafunzi wa Unguja huvushwa kwenda kujifunza matumbawe kwa kuyaona. Wako watoto wa kisiwa hiki ambao walikuwa hawajawahi kutia uso majini kutazama chini yake, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika kusikia kwamba wasichana wamo.

Lililobaki ni kazi ya kalamu na kalenda. Mwalimu hawezi kunakili mpango wa mwaka jana, kwa sababu Ramadhani hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka, na msimu mkubwa wa karafuu hauji kila mwaka, na bamvua haifuati Jumatatu wala Ijumaa. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, zote mbili katika pepo za kaskazi. Anayepanga kazi ya darasa la sita kwa mwaka huo ataweka darsa la mwandamo wa mwezi katika wiki za kwanza, wakati watoto wanautazama kwa macho yao, aiache safari ya Chumbe isubiri Oktoba, kusi ikisha kutulia, na aweke hesabu ya miongo mwezi wa Julai, kabla watu hawajakwenda Makunduchi.